Rudisha Mahali Pake

Masomo: Kumb. 19:14, Luka 19:1–10



Huko juu Mufindi, kwenye mashamba ya chai, umechezwa mchezo uitwao gofu. Wengi wetu hapa Madibira hatuujui, wala si neno. Iko sheria yake moja ninayotaka tuitazame.

Mpira ukifika kwenye nyasi fupi karibu na shimo, mchezaji ana ruhusa kuuokota, kuufuta na kumpisha mwenzake. Lakini kwanza aweke alama, sarafu ndogo tu; akiokota bila alama huongezewa pigo moja. Kisha aurudishe pale pale. Akicheza kutoka mahali pengine, hata upana wa kidole, adhabu ni mapigo mawili. Mwaka 2017, California, Marekani, Lexi Thompson alirudisha mpira wake pembeni kidogo. Mtazamaji wa televisheni akaona. Kesho yake, akiwa anaongoza, akaongezewa mapigo manne: mawili kwa kosa hilo, mawili kwa sababu hesabu aliyotia sahihi haikuwa sawa. Akakosa ushindi. Alisema hakukusudia, nami simtilii shaka.

Tangu 2019 mpira au alama ikisogezwa kwa bahati mbaya kwenye nyasi hizo, adhabu hakuna. Lakini kurudisha ni lazima.

Hapo ndipo penye neno letu. Sisi alama zetu ni kingo za majaruba. Kila msimu tunazitengeneza upya, na jembe halina macho: linakata huku, udongo unatupwa kule. Baada ya miaka kumi mama mjane ana jaruba jembamba, na maji ya Ndembera yanamwagilia mpunga wa jirani mahali palipokuwa pake. Musa aliliweka jambo hili miongoni mwa laana ambazo watu wote waliagizwa kuziitikia Amina (Kumb. 27:17). Nasi tunaliita jambo dogo!

Liko na lingine, zito zaidi. Kaka ameugua, mdogo wake akalima shamba lake asilale njaa. Hiyo ni kumpisha, ni vema. Kaka amepona, shamba halirudi. Mdogo anakuja kanisani, anaungama maneno makali na pombe, shamba halitaji. Ndugu yangu, ondoleo la dhambi ni la bure, lakini halikupi hati ya shamba la mwenzio.

Mtazameni Zakayo. Bwana hakumdai kitu. Aliingia nyumbani mwake kwanza. Kisha Zakayo mwenyewe akasimama akataja mali za watu, na kwa kiasi gani atazirudisha.

Basi, kabla ya kuandaa majaruba msimu huu, nenda kwa jirani yako na kamba. Pimeni mbele ya mzee mnayemwamini nyote wawili. Kama kuna aibu kwenda peke yako, njoo uniambie. Tutakwenda pamoja, nami nitashika ncha moja.