Ujasiri wa Kusema "Bado"



Wahenga walisema, "Ukiona vinaelea, vimeundwa." Swali letu mwezi huu ni hili: Chombo kikiwa hakijamalizika kuundwa, na watu wamekwisha kukusanyika gatini kukiaga, nahodha afanye nini? Aondoke asije akavunja ahadi, au aseme "bado" na kupata aibu?

Mfano wenyewe ni wa kweli. Mwaka 1968 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilitangaza mashindano ya kuizunguka dunia kwa mashua ya matanga, mtu peke yake, pasipo kusimama bandari yo yote. Siku ya mwisho ya kuondoka iliwekwa kuwa 31 Oktoba. Miongoni mwa watu 9 walioingia alikuwamo Donald Crowhurst, fundi wa vyombo vya elektroniki, baba wa watoto wanne. Mashua yake ya futi 40 ilikuwa na mwili wa katikati na mwingine kila upande, mfano wa ngalawa zetu.

Siku zake za mwisho katika bandari ya Teignmouth zilikuwa za fujo. Mizigo ilirundikana sitahani, mafundi wangali kazini. Mpira wa kutolea maji yanayoingia mashuani haukupatikana, na vipuri vingi vikaachwa nchi kavu. Usiku wa kuamkia safari alilia mbele ya mkewe. Lakini mfadhili alikuwa amekwisha kutoa fedha kwa masharti mazito, mji umemfanya shujaa wake, na magazeti yanangoja. Akaondoka siku ile ile ya mwisho.

Baharini aliona kwamba mashua haiwezi safari. Akawa anapeleka habari za uongo kwa redio, akidai yuko mbali sana, kumbe anazunguka Atlantiki. Tarehe 10 Julai 1969 mashua ilionekana ikielea, wala ndani hamna mtu.

Wengine watasema kwamba aliyeahidi hana budi kutimiza, hata kwa hasara yake. Kweli, Zaburi ya 15 yamsifu mtu wa namna hiyo. Lakini tupime vema. Crowhurst hakuahidi kung'oa nanga tu; aliahidi kuizunguka dunia. Kuondoka na chombo kisichoweza hakukuwa kutimiza ahadi, bali kuificha hali yake. Tena hasara haikuwa yake peke yake. Watoto wanne walibaki bila baba.

Basi, je, ule ulikuwa ujasiri? Jasiri huikabili hatari kwa ajili ya jambo jema. Anayeikimbilia hatari kwa sababu anaogopa kuchekwa bado anatawaliwa na hofu, ila amechagua hofu iliyo ndogo machoni pake. Sisi walimu twamjua mtoto anayenakili kazi ya mwenzake kwa kuogopa kusema, "Sijaelewa." Uongo wake ulianza pale alipoona kwamba kweli itachekwa.

Hapo ndipo neno hili linapotugusa sisi tuliosimama gatini. Katika Matendo sura ya 27, Paulo alionya kwamba safari italeta hasara. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, na walio wengi wakashauri waondoke. Wingi wa watu haukutuliza dhoruba. Nasi je? Kijana akisema kwamba fedha za arusi hazijatosha, wazee humwambia nini? Mhazini akisema kwamba mchango wa bati haujafika, je, twamshukuru, au twamwita mtu asiye na imani? Kuhesabu gharama ya mnara kabla ya kujenga ni fundisho la Bwana mwenyewe.

Robin Knox-Johnston, ambaye peke yake ndiye aliyemaliza mashindano yale, alipewa pauni 5,000, akazitoa zote kwa jamaa ya Crowhurst. Ni tendo jema sana. Lakini rehema ya namna hiyo yafaa ifike mapema, mtu angali gatini. Ndugu yako akikujia kwa siri na kukuambia kwamba hayuko tayari, usimtajie watu wanaomngoja. Mshike mkono, mwende pamoja mkawaambie, "Bado."