Chipukizi Lenye Nguvu

Kule Marekani na Uingereza watu hupanda kivulini ua liitwalo hosta, ambalo asili yake ni Japani, Korea na Uchina. Kuna aina ndogo sana, Pandora's Box, urefu wake sentimita 10 hivi. Jani lake ni jeupe katikati na kijani pembeni.

Sasa sikia shida yake. Ule weupe hauna rangi ya kijani inayotengeneza chakula cha mmea, kwa hivyo unakua polepole. Mara nyingine hutoka chipukizi la kijani tupu. Hilo linakimbia. Ukiliacha, litameza yale yenye weupe. Kwa hivyo mkulima hung'oa lile lenye nguvu!

Je, hiyo ni haki? Mimi nilisomea biashara, na darasani jibu ni rahisi: weka mtaji panapozaa. Ndiyo nikasema kwenye chama chetu mchango upande, na mama mmoja anayechelewa atoke. Hesabu yangu ilikuwa sawa kabisa. Lakini chama tulikianzisha kwa ajili ya watu kama yeye.

Nguvu si kosa. Lile la kijani laweza kupandwa kwingine, listawi huko. Nasi tuliotaka mchango mkubwa tulianzisha kikundi kingine. Mama yule nilimwomba msamaha.

Kabla ya kuuliza nani anazaa zaidi, tuulize: bustani hii tuliipanda kwa ajili ya nani?