Usile Gizani Peke Yako

Leo sihubiri pombe. Pombe tumeihubiri mpaka walevi wenyewe wanaweza kutumalizia sentensi. Leo nahubiri sahani. Na wewe unayesoma, kama moyo umekupiga paa ulipoliona neno hilo, usifunge ukurasa, maana ni wewe ninayekutafuta.

Nakutafuta wewe unayekula mara mbili: mara ya kwanza mezani, kidogo, kwa adabu, mbele za watu, mara ya pili jikoni usiku, umesimama, taa imezimwa, unakwangua ukoko wa sufuria huku ukisikiliza kama kuna anayeamka. Wewe unayenunua chips mayai ukitoka kazini, ukazimaliza nyuma ya kituo cha daladala, ukatupa mfuko kabla hujafika nyumbani, kisha ukakaribishwa chakula cha jioni na ukala tena ili usiulizwe. Wewe mama unayemalizia uji wa mtoto, ubwabwa wa mtoto na andazi la mtoto, halafu unasema hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na kweli unaamini. Wewe uliyeapa kwamba Jumatatu unaanza. Na kwa kuwa Jumatatu unaanza, Jumapili ukala kama mtu anayeaga dunia.

Watu wa namna hii hawaji kwa mchungaji kuzungumza habari ya chakula. Wanakuja na habari ya ada, ya ndoa, ya kiwanja. Tunaomba, tunasema amina, wanainuka, na wakiwa wameshashika kitasa cha mlango ndipo wanageuka: "Na kula, mchungaji. Kula kunanishinda." Wanalisema hilo kwa sauti ya chini kuliko wanavyoungama uzinzi! Mzinzi anajua dhambi yake inaweza kufichwa. Mnene anaamini yake inasomwa na kila anayempita njiani.

Hapo niseme jambo kabla sijaendelea, maana nawajua wambea wa usharika. Si kila mnene ni mlafi. Wako wembamba wenye uroho usiosemeka, na hatuwahubirii kwa kuwa mifupa yao inaonekana. Atakayelichukua hubiri hili ili ampime jirani yake kwa macho, amesoma barua ya mtu mwingine.

Sasa fungueni 1 Wafalme, sura ya 19. Nabii Elia ametoka mlima Karmeli. Moto umeshuka, manabii 450 wa Baali wameaibika, mvua imerudi juu ya nchi iliyokauka. Kisha malkia Yezebeli anatuma ujumbe mmoja wa vitisho, na shujaa wa Karmeli anatimua mbio. Anafika Beer-sheba. Angalieni anachofanya hapo, maana wasomaji wengi hupita haraka: anamwacha mtumishi wake. Anamwacha mtu aliyekuwa naye, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anakaa chini ya mretemu, anaomba afe. Kwanza alimwacha mwenzake, ndipo akaomba kufa. Adui wa roho zetu hafanyi kazi kwa mpangilio mwingine. Haanzi kwa kukuambia ule. Anaanza kwa kukuambia usimwambie mtu.

Naye Mungu alimjibuje? Sisi tungemkemea. Tungemwuliza imani ya Karmeli imekwenda wapi, tungemwandikisha semina ya siku tatu. Mungu alimtuma malaika na mkate! Mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Elia akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa, akamlisha, na safari hii akampa na sababu: mwendo uliokuwa mbele yake ulizidi nguvu zake. Kwa nguvu za chakula hicho akatembea siku arobaini, usiku na mchana, mpaka Horebu.

Tazama vilivyokuwa pale chini ya mti. Mkate, maji, usingizi, na mkono unaogusa bega. Karipio halikuwepo, mizani haikuwepo. Chakula kile kilikuwa na kipimo, kilikuwa na kazi ya kufanya, na kililiwa mbele ya shahidi. Cha kwako cha usiku wa manane kina kipi kati ya hivyo? Njaa inayokunyanyua kitandani saa nane za usiku mara nyingi haikutoka tumboni. Ni hasira uliyoimeza mbele ya bosi. Ni upweke wa chumba cha kupanga. Ni msiba ambao watu walikuambia ujikaze, ukajikaza mpaka leo. Unaipa ugali. Itaupokea, na baada ya saa moja itarudi kugonga, kwa sababu haikuomba ugali.

Nageuka sasa kwa kanisa, na nitakuwa mkali.

Tunakutana na dada mlangoni pa ibada tunampigia kelele mbele ya watu, "Eh, umenenepa! Ndoa imekukubali!" tukidhani tumempa sifa. Akipungua kilo mbili alizozitafuta kwa machozi, tunamwuliza kama anaumwa. Sare za kwaya zinapimwa hadharani, fundi anataja kiuno cha mtu kwa sauti kama anatangaza mnada. Kijana tunamwita "bonge" mpaka hatulijui jina lake la ubatizo, lakini kitambi cha mzee wa kanisa tunakiita baraka. Kisha tunapika. Kipaimara pilau, harusi pilau, msiba pilau, na kikao cha kamati ya kupanga pilau kina soda na maandazi. Mgeni akisema ametosheka tunaona ametudharau: "Ongeza kidogo basi, hujala kitu." Tumemnyooshea kidole mtu anayezama huku sisi wenyewe tumemfungulia bomba. Tutubu!

Na matunda yake yanahesabika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Zaidi ya robo. Basi katika benchi la akina mama wanne, kadiria mmoja anayebeba mzigo ule ule unaodhani umeumbiwa wewe tu. Mmekaa mabega yanagusana, mmeshika tenzi moja, na kila mmoja anaamini yuko peke yake jangwani.

Wewe uliyewahi kupungua kisha ukarudi ulikokuwa, na mtu akakuambia huna msimamo, sikiliza. Mwaka 1994 kundi la watafiti likiongozwa na Jeffrey Friedman jijini New York liligundua jeni la homoni ambayo baadaye iliitwa leptini. Homoni hii hutengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe na kupeleka habari ubongoni kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini nayo hupungua, na ubongo husoma habari hiyo kama njaa imeingia nchini: unaongeza hamu ya kula, unapunguza matumizi ya nguvu. Muumba alimwekea mwanadamu ulinzi huo kwa ajili ya miaka ya ukame, si kwa ajili ya mtaa wenye banda la chips kila kona. Basi unapopambana, unapambana na uroho, ndiyo, lakini pia unapambana na mwili unaojaribu kukuokoa usife njaa. Anayekuambia ni uvivu tu hajui asemalo. Na usingizi usiotosha unazidisha njaa hiyo. Malaika alimwacha Elia alale kati ya milo miwili, na wewe unakesha na simu mpaka saa saba.

Ndiyo maana nakukataza, kwa mamlaka ya Neno, kuifanya mifungo fimbo ya kujichapia. Kuna watu wakila sana Jumamosi, wanajitangazia siku tatu kavu, na wanaita hiyo kufunga. Siku ya nne wanafungua kwa kula kama walioachiwa gerezani. Yohane Kasiano, aliyekaa na wamonaki wa jangwa la Misri na kuandika mafundisho yao mwanzoni mwa karne ya 5, anafundisha kwamba kufunga kupita kiasi na kula kupita kiasi hufikia mwisho mmoja. Wazee wale walikula mikate yao midogo kila siku kwa saa yake na kukiona kipimo hicho kigumu kuliko kukaa siku nyingi bila kula. Kumbukeni na mana katika Kutoka 16: pishi moja kwa kila kichwa, ya leo kwa leo, na aliyejiwekea ya kesho aliikuta ina mabuu. Mungu aliwafundisha watumwa wa jana kula kwa miaka arobaini, siku kwa siku. Wewe unataka kujifunza kwa wiki moja kabla ya send-off ya mdogo wako?

Na kama una kisukari au unatumia dawa za presha, usifunge hata siku moja kabla ya kuzungumza na daktari. Tena nenda kwa daktari hata kama huna. Pima sukari, pima presha, mwonyeshe dawa unazokunywa, maana zipo zinazoongeza uzito, na lipo tezi la shingoni ambalo likilegea mwili hujaa bila ulafi wowote. Kuna wanaokula kwa vipindi bila uwezo wa kujizuia, chakula kingi kwa muda mfupi, kisha majuto makubwa. Hayo ni maradhi yanayotambulika kitabibu na yana tiba. Hospitali ya Mloganzila wanaweka hata puto tumboni kwa wanaohitaji. Kumwendea tabibu si kumkimbia Mungu. Lakini zile poda na chai za kuyeyusha kitambi zinazouzwa mkononi bila hata jina la mtengenezaji, mwachie muuzaji.

Nyumbani, anza na kilicho karibu. Pakua mara moja, funika sufuria, kaa chini, na kaa na watu. Kula polepole, kwa sababu habari ya shibe huchukua kama dakika ishirini kufika kichwani. Soda uiogope kuliko ugali: chupa ya nusu lita ya kola ina takribani gramu 53 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 hivi kwa siku nzima, na ikiwezekana ashuke mpaka 25. Umemaliza fungu la siku kwa chupa moja, na chai ya jioni bado! Usipitishe mchana mtupu kwa fahari, maana deni la mchana utalilipa usiku kwa riba. Na ukianguka, umeanguka mlo mmoja. Mlo unaofuata uko mikononi mwako. Usisubiri wiki mpya ndipo utubu.

Lakini hayo yote ukiyashika peke yako, ndugu yangu, utayaacha. Rudi kwa Elia. Kule Horebu ulipita upepo, likaja tetemeko, ukawaka moto, kisha ile sauti ndogo ya utulivu. Nabii analalamika mara mbili kwamba amebaki yeye tu. Mungu anamjibu kwa hesabu na kwa mtu. Hesabu: wako 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali goti. Mtu: Elisha mwana wa Shafati, yuko shambani analima, nenda ukamchukue. Aliyemwacha mtumishi Beer-sheba akarudishiwa mwenzi wa safari. Walevi wa Marekani walioanza kukutana Akron, Ohio, mwaka 1935 waliligundua jambo hili kwa njia yao, kwamba mlevi hukaa na kiasi anapokaa na mlevi mwenzake anayemwambia kweli. Na mwaka 1960 huko Los Angeles walioshindwa na chakula wakaanza mikutano kwa mfano huo huo. Sisi tuna jumuiya kila wiki, nyumba kwa nyumba. Tunakusanyana, tunasoma, tunaombea safari za watu na mitihani ya watoto. Nani amewahi kusimama akasema, "Niombeeni, jana nilikula mpaka nikalia"?

Na sura hiyo ya Elia, mpendwa, imekwisha kwa karamu! Ilianza na mkate wa mtu mmoja aliyekata tamaa jangwani. Inafungwa na Elisha akichinja jozi ya ng'ombe wake, akipika kwa kuni za vifaa vya kulimia, akiwapa watu wakala, kisha akamfuata Elia. Chakula hakikuwa adui wako hata siku moja. Bwana wetu mwenyewe aliitwa mlafi na waliomchukia, na hakuacha kukaa mezani na watu. Anataka kukutoa gizani akurudishe mezani, na mezani kuna kipimo, kuna mazungumzo, kuna mtu wa kukuambia imetosha.

Kwa hiyo leo, kabla jua halijazama, chagua mtu mmoja. Asiwe mwenye mdomo mwepesi, wala yule atakayekuhurumia na kukupikia. Mwambie maneno matatu tu: kula kunanishinda, nisaidie. Mpe ruhusa akuulize kila juma.

Na wewe utakayeambiwa, usicheke, wala usimpe habari za shangazi yako aliyepungua kwa maji ya ndimu. Mwulize kliniki anakwenda siku gani, ukamsindikize.