Mwenzi wa Mtumbwini

Sisi tuliotoka Baraka na Uvira twajua: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mtu mmoja hawezi kupiga kasia, kutunza taa na kuvuta wavu. (Mwezi ukiwaka, tulilala!)

Katika Luka 5 nyavu za Simoni zilipotaka kupasuka, aliwapungia mkono wenzake, Yakobo na Yohana. Wakaja. Vyombo vyote viwili vikajaa, karibu vizame. Tuangalie hapo: walikihatarisha chombo chao wenyewe. Wengi wetu twapenda kugawana samaki asubuhi, lakini usiku wa mawimbi hatuonekani.

Hapa kambini, jirani aliyeishiwa posho kabla ya mgao anatupungia mkono. Jumapili baada ya ibada mashemasi watapokea unga, hata kikombe kimoja.