KURA YA ALIYESHINDWA INA HAKI GANI?

Watu wengi wadhani kuwa uadilifu wa uchaguzi hukamilika pale kura zinapohesabiwa pasi na wizi. Sisi twaona kuwa hiyo ni nusu ya uadilifu. Kura yaweza kuhesabiwa kwa amana mbele ya mashahidi, kisha aliyeipiga akadhulumiwa katika kugawanya viti.

Natutazame hapa petu Dundori. Wadi hii, iliyomo katika eneo bunge la Bahati, hutoa mwakilishi mmoja katika bunge la kaunti ya Nakuru. Wakisimama wanne, mmoja akapata kura 40 katika kila 100, na wenziwe watatu wakagawana 60 zilizobaki pasi na mmoja wao kumfikia, huyo wa 40 ndiye mshindi; wale 60 huwa kana kwamba hawakutoka majumbani mwao. Katiba ya 2010 yamtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura, lakini mbunge na mwakilishi wa wadi hawakuwekewa sharti hilo.

Hatusemi kuwa mtindo wa kura peke yake ndio uliomwaga damu katika Nakuru mwezi wa Januari 2008. Ugomvi wa ardhi na uchochezi vilikuwa na sehemu kubwa. Lakini mahali ambapo makabila yameishi mlango kwa mlango, na mshindi huchukua vyote, kushindwa huogopwa kama kuhamishwa.

Mwenye shaka aitazame Zanzibar. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata kama kura 54 katika kila 100, ikatoka na viti 13 katika 31. Hizbu na mshirika wake ZPPP, kwa kura chache kuliko hizo, walipata viti 18 na serikali. Hapakuhitajika wizi: Afro-Shirazi ilirundika kura zake katika majimbo yake, na zile za ziada hazikuongeza kiti hata kimoja. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba. Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Sababu zake zilikuwa nyingi, na hii ilikuwa mojawapo.

Aliyesoma faraidhi hataona ugeni katika tulitakalo. Mwanamke amekufa, ameacha mume na ndugu wawili wa kike, wa baba mmoja mama mmoja. Fungu la mume ni nusu, na la ndugu ni thuluthi mbili. Yakijumlishwa yapita mali. Je, jamhuri ya wanavyuoni walisema mwenye fungu kubwa achukue yote? Hasha. Mali hufanywa mafungu 7, mume akapewa 3 na ndugu 4, kila mmoja akapunguziwa kwa kadiri ya haki yake. Kura si mirathi, twajua. Lakini insafu ya kugawanya ni moja.

Wako wasemao kuwa viti vikifuata wingi wa kura, vyama vidogo vitaikaba serikali koo. Warudi Zanzibar hiyo hiyo, Januari 1961, chini ya mtindo huu huu wanaoutetea. Afro-Shirazi viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3; na hao watatu wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, uchaguzi ukarudiwa Juni.

Hoja iliyo nzito ni ya orodha: kwamba wakubwa wa vyama wataijaza jamaa zao, na mtu wa Dundori asijue amwendee nani kwa khabari ya barabara yake. Kwa hiyo hatutaki orodha peke yake. Wajerumani hupiga kura mbili, moja ya mtu wa jimbo na moja ya chama, na hii ya pili ndiyo ipimayo viti vya kila chama. Tume ya Profesa Yash Pal Ghai iliipendekezea Kenya mchanganyiko wa namna hiyo mwaka 2002, haukukubaliwa.

Tulichobakishiwa ni kifungu cha 90 cha Katiba, kitajacho uwiano kwa viti vya kuteuliwa, kama vile 12 vya Bunge la Taifa. Lakini uwiano huo hupimwa kwa viti ambavyo chama kimeshinda, si kwa kura kilizopata. Yaani aliyepunjwa mara ya kwanza hupunjwa tena kwa kipimo kile kile. Waheshimiwa wetu waanzie hapo: neno "viti" katika kifungu hicho liondolewe, liwekwe "kura".