Dinari ya Saa Kumi na Moja

Ukiniuliza kambi yetu ya Kiingereza ina wanafunzi wangapi, nami nitakuuliza: ya leo au ya jana? Daftari la mahudhurio ninalo, lakini halinisaidii kukujibu. Jina linatokea Jumatatu, linapotea Jumanne, linarudi wiki inayofuata limefuatana na jina la mdogo wake ambaye hata darasa la tano hajafika. Siku ya gulio mabenchi ya nyuma yanakuwa matupu, kwa sababu mama akienda kuuza lazima pawe na mtu wa kubaki na mtoto mchanga. Mvua za vuli zikikaza, watoto wa njia ya Amani, milimani, hawashuki. Barabara ile ikilowa hata bodaboda husukumwa. Lori la machungwa likiingia kijijini, wavulana wenye mabega wote wanakwenda kupakia. Ukitokea msiba, mtaa mzima haupo, na sina la kulalamika, maana mtaa usiokwenda msibani ni mtaa gani?

Tupo Muheza, mkoani Tanga, katika ukumbi wa kanisa. Kanisa ni la Anglikana, ila wanafunzi wamechanganyika kama mji wenyewe ulivyo, na mwenzangu wa kufundisha ni ustadhi ambaye jioni husomesha madrasa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Tunawapokea waliomaliza darasa la saba, ambao hufanya mtihani wa taifa Septemba na kusubiri kidato cha kwanza hadi Januari. Miaka saba wamesoma sayansi na hisabati kwa Kiswahili. Januari wanakuta karibu kila kitu kimegeuka Kiingereza. Serikali ilipoondoa ada hadi kidato cha nne, mwaka 2016, mlango wa sekondari ulipanuka. Kizingiti cha lugha kilibaki palepale, na wengi wanajikwaa hapo ilhali wanayajua mambo. Mtoto anayeweza kukueleza vizuri kabisa jinsi mmea unavyojitengenezea chakula anakosa alama kwa kuwa hajui kwamba “state” inataka jambo litajwe tu na “explain” inataka sababu zake.

Basi Alhamisi anaingia mtoto mpya, viatu mkononi, anasimama mlangoni. Kuna binti amekaa benchi la mbele tangu siku ya kwanza, hajakosa hata mara moja. Nikirudi nyuma kumwelezea mgeni tulichofanya Jumatatu, muda ninaoutumia ni wa yule binti. Nikiendelea mbele, mgeni nimemkaribisha kwa mdomo tu. Wenzangu hulichukua hili kama suala la mbinu, na vitabu vya ualimu vina mbinu tele. Mimi naliona ni suala la haki, na kwa kuwa mabenchi tunayokalia ni ya kanisa, siwezi kuliepuka katika lugha ya kanisa.

Kila Mkristo wa hapa ataniambia jibu ni Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri akaajiri vibarua kwa dinari moja, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Jioni akawalipa wote dinari ileile, akianza na wa mwisho. (Wazungu hawana budi kuelezwa kwamba saa kumi na moja ya Biblia ni jua linakaribia kuzama. Sisi tunaisoma moja kwa moja, saa yetu ndiyo hiyohiyo.) Wale wa alfajiri walinung’unika, na mwenye shamba akawajibu kwamba hakuna aliyedhulumiwa: tulipatana dinari, dinari umepata.

Nimehubiriwa mfano huu maisha yangu yote kama habari ya ukarimu wa Mungu unaovuka haki. Siku hizi nauona kwa jicho la mtu aliyekulia kati ya mashamba ya mkonge na aliyewahi kuwaona vibarua wakisubiri kuitwa. Dinari ilikuwa ujira wa siku moja, maana yake ndiyo iliyolisha nyumba kwa siku moja. Ukiikata vipande kumi na viwili na kumpa wa saa kumi na moja kipande chake, umefanya hesabu sahihi na watoto wake wamelala njaa. Yeye alipoulizwa kwa nini amesimama bure kutwa, alisema hakuna aliyemwajiri. Mwenye shamba hakumtuhumu uvivu. Kwa hiyo sioni kwamba alipuuza haki. Alichagua kupima kwa njaa, akaacha kupima kwa jasho.

Mpaka hapo nakubaliana na wahubiri. Tatizo langu ni kwamba mfano unaishia pale mwalimu anapoanza kuuhitaji. Dinari inaweza kugawiwa sawa jioni. Kiingereza hakigawiki hivyo. Aliyekuja tangu siku ya kwanza anajua kuuliza swali kwa wakati uliopita, na aliyekuja leo hajui. Hata niwe mkarimu kiasi gani, siwezi kumfungulia kichwa saa tano asubuhi nikamwekea kilichoingia kwa mwenzake wiki nzima. Mungu anao uwezo wa kulipa namna ile. Mwalimu hana. Kumwambia mwalimu awe kama mwenye shamba ni kumpa kazi bila kumpa mfuko.

Nilimweleza Ustadhi haya tukifuta ubao. Yeye ni mpole lakini hanyamazi.

“Mwalimu, nyinyi mna mchungaji aliyewaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja,” akasema. “Sisi tuna Abasa.”

Sura ya 80 ya Kurani inaanza na kukunja uso. Wafasiri wanaeleza kwamba Mtume Muhammad alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumaini watasilimu, akaja kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, akageuka. Aya zikashuka kumlaumu: yule anayejiona hana haja ndiye unayemshughulikia, na huyu aliyekujia kwa haraka na kwa hofu ya Mungu unamwacha. Ustadhi alilikazia hasa lile la kwamba asipotakasika yule mwingine, lawama si juu yako. Baadaye kipofu yule akawa mmoja wa waadhini wa Mtume.

“Kwa hiyo aliyekuja ndiye mwenye haki,” akamaliza. “Asiyekuja ana Mola wake.”

Kwa siku kadhaa niliona tumefikia njia panda ambayo dini zetu mbili haziwezi kuivuka pamoja. Luka 15 inaniambia nimtafute asiyekuwepo. Abasa inaniambia nimtazame aliyepo. Na kwa kweli katika kambi yetu ni mambo mawili tofauti kabisa: asubuhi nzima inaweza kuisha ukipiga simu kwa wazazi, ukituma mtu akaulize nyumba fulani kuna nini, huku waliokuja wanachora kwenye madaftari.

Ila nilipoisoma tena sura ile, katika tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy aliyoniazima Ustadhi mwenyewe, niliona jambo ambalo hakulisema. Bin Ummi Maktum hakuwa amekaa benchi la mbele tangu asubuhi. Alikatiza! Alikuja mazungumzo yakiwa katikati, hakuona nani amekaa na nani, akaomba afundishwe hapohapo. Yeye ndiye mtoto wa Alhamisi. Sura inayotetea waliopo inamtetea mgeni mwenye viatu mkononi, dhidi ya ratiba ya mwalimu. Nilimwambia Ustadhi. Akafikiri, akasema, “Ndiyo, lakini alikuja.” Na hapo alikuwa sahihi. Hatujaelewana kuhusu kupiga simu, na hatutaelewana. Yeye hapigi. Mimi napiga, mara chache, kwa wale ambao najua aliyewazuia nyumbani ni mtu mzima mwenye uwezo wa kuwaachia.

Kuhusu kurudia, msaada niliupata kwa mtu wa mbali zaidi. Karibu mwaka 400, shemasi mmoja wa Karthago alimwandikia Augustino, askofu wa Hipo, huko ambako leo ni Algeria. Shemasi huyo aliitwa Deogratias, jina ambalo hapa kwetu huwezi kuvuka barabara bila kulisikia. Kazi yake ilikuwa kuwapokea watu wanaotaka kuanza kujifunza Ukristo, na waliletwa kwake mara kwa mara. Alilalamika kwamba amechoka kusema yaleyale ya mwanzo, na kwamba maneno yake yanamchosha hata yeye mwenyewe. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima. Ndani yake kuna hoja moja ambayo nimeitafuna sana: tunapomtembeza mgeni katika mji mzuri tuliouzoea hadi hatuuoni tena, furaha yake hutufanya tuuone upya. Kinachohitajika ni upendo ulio karibu kiasi kwamba mwalimu anajifunza ndani ya mwanafunzi, na mwanafunzi anafundisha ndani ya mwalimu.

Ni kweli, nimeyaona. Mvulana wa kupakia machungwa alipogundua kwamba ile “s” ndogo mwishoni mwa kitenzi inahamahama kwa utaratibu, alicheka kwa sauti, nami niliyeifundisha “s” hiyo tangu enzi za chaki za kugawana nilicheka naye. Lakini Augustino anazungumza na mwalimu aliyechoka. Hazungumzi na binti wa benchi la mbele. Mji huo yeye ameshatembezwa, na anataka kwenda mji mwingine. Uchovu wangu unaweza kuponywa kwa upendo. Wa kwake ni dai halali.

Watu wengi hulitatua hili kwa kumfanya binti kuwa msaidizi, awafundishe wageni. Ustadhi alikataa kabla sijamaliza kulisema: alikuja kusoma, hakuja kuajiriwa. Nikaona yuko sahihi, hasa nikikumbuka kwamba nyumbani pia ndiye anayelea wadogo zake.

Tulichofanya ni cha kawaida tu. Tuliacha kupanga masomo kama mnyororo. Kila asubuhi sasa inasimama peke yake: kifungu kifupi cha kusoma, mara moyo na mishipa ya damu, mara ramani, mara bei za sokoni, maneno ya maswali, mazungumzo ya wawili wawili, kuandika sentensi chache na kusahihishiwa. Anayekuja siku moja anaondoka na siku nzima. Kisha saa tano, wengine wakienda, anayetaka anabaki na mmoja wetu kusoma kitabu cha hadithi, ukurasa kwa ukurasa, bila kumsubiri mtu. Hapo ndipo binti alipopata mji wake mwingine. Inagharimu: asubuhi isiyotegemea jana haiwezi kupanda juu sana, na kuna mambo ya sarufi tumeyaacha kwa sababu yanahitaji wiki mbili mfululizo ambazo Muheza haiwezi kutupa.

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, swali lilibadilika tena. Mvulana wa machungwa hakufaulu. Nilidhani hatutamwona. Alikuja Jumatano, akakosa wiki, akaja tena siku mbili mfululizo. Mjumbe mmoja wa kamati ya kanisa aliuliza, bila ubaya, huyu anasoma Kiingereza cha nini sasa. Sikuwa na jibu la haraka. Kambi yote imejengwa juu ya Januari. Yeye Januari hana. Ikiwa somo ni deni linalolipwa baadaye, basi kwake tulikuwa tunatupa. Ila nilimtazama akibishana na mwenzake kwa Kiingereza kilichovunjika juu ya bei ya gunia, akitafuta neno, akilipata, na sikuona kilichopungua kwake nikimlinganisha na wanaokwenda kidato cha kwanza. Mwenye shamba hakumuuliza kibarua wa saa kumi na moja kesho utafanya nini. Nadhani kuna mambo ambayo faida yake imo ndani ya saa yake, na kuelewa ni mojawapo. Nasema nadhani, kwa kuwa mama yake angependa zaidi afaulu, na mimi pia.

Mwishoni kamati ilitaka vyeti vitolewe kwa waliohudhuria robo tatu ya siku. Mimi na Ustadhi, safari hii tukiwa upande mmoja, tuliomba kila aliyeandikwa daftarini apate, na cheti kisitaje idadi ya siku. Walikubali kwa manung’uniko. Mama wa binti alinifuata nje.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mama.”

“Binti yangu amekuja kila siku. Kibandani nilibaki peke yangu. Na yule aliyekuja siku mbili ana karatasi ileile?”

“Ni ileile.”

“Basi karatasi hii haina kazi.”

Nilimwambia kwa hilo sibishani naye, na kwamba alichopata binti yake hakimo kwenye karatasi. Akasema hilo analijua, anamsikia usiku akisoma kwa sauti. Lakini bado alitaka kiandikwe mahali. Yesu hakusema kwamba vibarua wa alfajiri walidanganya. Jua lilikuwa limewachoma kweli. Nikaingia ndani, nikachukua karatasi tupu yenye muhuri wa kambi, nikaandika barua kwa mkuu wa shule atakayokwenda: kwamba huyu hakukosa hata siku moja, na kitabu alichomaliza kinaitwa nini. Ustadhi akaweka sahihi yake chini ya yangu. Kamati hatujaiambia.