Mazulia ya Magendo na Haki ya Mja

Kati ya mwaka 1980 na 1983, kijana mmoja Myahudi wa asili ya Iran alikuwa akiyatoa mazulia nchini humo kinyume cha sheria za kodi na za kusafirisha bidhaa. Baba yake aliyauza Uingereza na kwingineko. Fedha zikaingia, kisha likaja lile ambalo biashara nyingi za ukoo hulijua vizuri: nani apate ngapi?

Hawakuanzia mahakama ya serikali. Walilipeleka shauri Beth Din ya London, baraza la marabi linaloamua kwa sheria ya dini, kama ambavyo jamaa wa Kiislamu huweza kumwendea sheikh wanayemwamini kabla hata hawajamfikiria wakili. Marabi waliuona uharamu wa mazulia yale, wala hawakufumba macho. Ila walisema kwamba kwa sheria ya Kiyahudi, magendo hayafuti haki ya mshirika juu ya mshirika mwenzake. Mwaka 1992 wakaamua baba amlipe mwanawe pauni 576,574.

Uamuzi wa msuluhishi, hata akiwa rabi, hauna dalali wake wa kwenda kukamata mali. Lazima upitie mahakamani ndipo upate meno. Mwana akaomba idhini ya kuutekeleza, baba akapinga. Hoja yake ilikuwa kwamba mali ilitokana na magendo, kwa hiyo mahakama isiiguse.

Hapo msomaji lazima asite kidogo. Aliyeyauza mazulia ndiye huyo huyo anayesimama kusema yalikuwa haramu! Jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, alikwisha kuliona jambo hili mwaka 1775, katika kesi ya chai iliyonunuliwa ili iingizwe Uingereza kwa magendo. Alikiri kwamba utetezi wa namna hii hausikiki vizuri kinywani mwa mdaiwa. Lakini, alieleza, mahakama haikatai kwa ajili ya mdaiwa. Inakataa kwa sababu haiwezi kumsaidia mtu anayejenga dai lake juu ya uvunjaji wa sheria. Mdaiwa akinufaika, ni bahati yake tu.

Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimpa baba ushindi, katika kesi ambayo wanasheria wanaijua kwa jina la ukoo huo, Soleimany. Majaji walitoa mfano wa wanyang'anyi wa barabarani: wakikubaliana kupeleka ugomvi wao kwa msuluhishi, makubaliano hayo hayana nguvu kuliko ushirika wao wa kupora. Mfano huo haukutungwa hewani. Mwaka 1725 mnyang'anyi mmoja alimshtaki mwenzake London akidai hesabu ya faida, na hati ya madai ikauita unyang'anyi wao biashara, kana kwamba walikuwa na duka la nguo. Mahakama ililitupa dai na mawakili waliolileta wakatozwa faini.

Jambo moja hupotea kirahisi hapa. Majaji wa 1998 hawakusema kwamba marabi wameikosea Torati. Hawakuwa na kazi hiyo. Walichokataa ni kuuazima uamuzi ule mkono wa dola. Dini iliuliza: huyu anamdai nini yule? Dola iliuliza: mimi nitajipaka nini nikimsaidia? Kila upande ulijibu swali lake kwa uaminifu, lakini usafi wa mahakama uligharimiwa na mwana peke yake, ilhali magendo yalikuwa ya wawili. Hilo ni gumu kumeza.

Wala sheria ya Kiyahudi haiidharau serikali. Tangu karne ya 3, mwanachuoni Shmuel wa Babeli alifundisha kwamba sheria ya ufalme ni sheria. Kumbe mtu anaweza kuwa na makosa mbele ya ufalme na bado akawa na haki mbele ya mwenzake. Waingereza wenyewe wamelegeza kamba tangu hapo: mwaka 2016, katika kesi ya Patel na Mirza, majaji tisa waliamuru pauni 620,000 zirudishwe kwa aliyezitoa, ingawa zilikusudiwa kuwekwa dau juu ya bei za hisa kwa kutumia habari za siri. Wakasema mahakama ipime malengo ya sheria iliyovunjwa na uzito wa adhabu, isiishie kuziba pua.

Mlango wa mahakama kuukataa uamuzi wa msuluhishi uko Kenya pia. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995 kinairuhusu Mahakama Kuu kutengua uamuzi unaopingana na sera ya umma. Christ for All Nations, shirika la wahubiri wa Injili, liliposhindana na kampuni ya bima ya Apollo, Jaji Ringera aliutaja msingi huo kuwa wenye kuvutika kuliko yote, kisha akakataa kuuvuta kwa ajili ya mtu ambaye shida yake ni kwamba haridhiki na msuluhishi.

Waislamu wa pwani wangeyaelewa maneno ya Beth Din bila mkalimani. Wao husema haki ya mja: Mungu husamehe iliyo yake, lakini ya mja sharti mja mwenyewe aisamehe. Mishna, kitabu cha kale cha sheria za Wayahudi, inasema karibu hivyo hivyo kuhusu Yom Kippur, siku ya mfungo na toba. Siku hiyo hufuta dhambi iliyo kati ya mtu na Mungu, ila iliyo kati ya mtu na mwenzake haiifuti mpaka kwanza aende akamridhishe. Kwa mdaiwa aliyeshinda mahakamani, mfungo huo hurudi kila mwaka, na hakuna rufaa ya kuuahirisha.